Ukitaka kurekodi albamu ya slaidi yenye mizizi ya Louisiana

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Lafayette, Louisiana, na nimesharekodi albamu mbili za gitaa la slaidi, yaani gitaa linalopigwa kwa kutelezesha kimrija juu ya nyuzi. Ya kwanza siisikilizi tena. Ilikuwa bluzi ya Delta ya Mississippi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha nikamwita mtu wa kodiani aje apige juu ya nyimbo nne zilizokwisha kukamilika. Mtu yule alifanya kazi yake vizuri. Mimi ndiye nilikuwa nimepika chakula, nikakiivisha, halafu nikakumbuka chumvi wakati watu wanakula.

Ya pili naipiga hata mbele ya wageni. Studio ilikuwa ya hali ya chini kuliko ile ya kwanza na gitaa lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii slaidi ndiyo iliyokwenda shule kwa kodiani na fidla, si kinyume chake. Nitaeleza nilivyofanya, kwa mtu ambaye tayari anapiga gitaa na ana hamu ya njia hii. Asiyejua bado kubadili kodi tatu (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) bila kuangalia vidole, arudi baada ya miezi sita.

Anza na masikio

Usinunue kitu chochote mwezi wa kwanza. Sikiliza. Anza na Joe Falcon na Cléoma Breaux, waliorekodi "Allons à Lafayette" mwaka 1928, sahani inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya muziki wa Cajun, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa. Watu wengi humsikiliza Joe na kodiani yake. Wewe msikilize Cléoma, kwa sababu gitaa ni lake. Hana madoido hata kidogo: besi, mkwaruzo, besi, mkwaruzo, na wimbo mzima umekaa juu ya mkono wake wa kulia.

Halafu mtafute Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, kodiani, pamoja na Dennis McGee kwenye fidla. Walianza kurekodi mwaka 1929. Hapo sikiliza sauti ya Ardoin inavyopanda hadi karibu kupasuka na kisha kushuka polepole bila kukatika. Huo mshuko ndio utakaokuwa kazi ya slaidi yako. Mimi niliuiga kwa mdomo, ndani ya gari, kwa wiki tatu kabla ya kuugusa kwenye nyuzi.

Upande wa bluzi, elekea Crowley, mji mdogo magharibi mwa Lafayette. Katika studio ya J.D. Miller pale ndipo Slim Harpo na Lightnin' Slim walirekodi nyimbo zilizotolewa na kampuni ya Excello ya Nashville; "I'm a King Bee" ya Slim Harpo ni ya 1957. Bluzi hii haina haraka. Inakaa nyuma ya mpigo kama mtu aliyeegemea mlango, na ukiipiga kwa kasi ya Chicago inakufa mikononi mwako. Kaskazini zaidi, Shreveport, alikuwako Oscar Woods, ambaye miaka ya 1930 alikuwa akililaza gitaa magotini na kuliteleza kwa chuma.

Mtu akikuambia slaidi ni mgeni katika muziki wa Cajun, mkumbushe miaka ya 1930 na 1940, wakati bendi za nyuzi zilipoisukuma kodiani pembeni na gitaa la kulaza likashika uongozi. Julius Lamperez, aliyejulikana kama Papa Cairo, alilipiga katika kumbi za dansi huku huku. Kodiani ilirudi kwa nguvu Iry LeJeune alipotoa sahani yake mwaka 1948. Kwa hiyo hatuleti kitu kipya. Tunafungua mlango uliofungwa.

Na mwisho mpiga slaidi Sonny Landreth, aliyezaliwa Canton, Mississippi, mwaka 1951 na kukulia hapa Lafayette. Aliwahi kupiga katika bendi ya Clifton Chenier, mfalme wa zaideko, muziki wa dansi wa Wakrioli weusi wa hapa, na hiyo ni shahada kubwa kuliko ya chuo chochote. Msikilize kwenye "South of I-10" ya 1995, ila kwa tahadhari: ni rahisi sana kumwiga vidole na kusahau kwamba chini ya vidole vile kuna dansi.

Vifaa, kwa kifupi

Slaidi ni kimrija unachovaa kidoleni. Kioo kinatoa sauti laini, shaba inatoa sauti nzito yenye mkwaruzo. Mimi natumia kioo kinene kwa walzi, dansi ya mipigo mitatu, na shaba kwa bluzi. Vaa kidole cha mwisho, si cha pete, hata kama mwanzoni kitakuchosha. Sababu utaiona mbele. Weka nyuzi nene, kuanzia inchi 0.013 kwa uzi wa 1, ule mwembamba, na uinue kidogo daraja ili nyuzi zikae mbali na freti, vile vyuma vya shingoni. Gitaa la kawaida la mbao linatosha. Yale ya rezoneta yenye sahani ya chuma ndani yanapendeza pichani, nami ninalo moja, lakini katika albamu nzima nililitumia kwenye wimbo mmoja tu.

Senti 14

Tyuni (ukazaji wa nyuzi) ya kuanzia iwe G ya wazi. Kutoka tyuni ya kawaida, shusha toni nzima nyuzi tatu: wa 6 uwe D, wa 5 uwe G, na wa 1 uwe D. Ukipiga nyuzi zote bila kugusa kitu unapata D, G, D, G, B, D, yaani kodi ya G. Slaidi ikikaa juu ya freti ya 5 unapata C, ya 7 unapata D, ya 12 unarudi G. Nasema juu ya freti, siyo nyuma yake. Ukizoea kubonyeza kwa kidole utakuwa unaweka slaidi kwenye nafasi kati ya freti mbili, na kila noti itakuwa chini. Angalia kutoka juu moja kwa moja: ukingo wa kioo na chuma cha freti viwe mstari mmoja.

Sasa nisimulie aibu yangu. Mwaka wangu wa pili hapa, mzee mmoja mpiga kodiani aliniita jikoni kwake, kaskazini kidogo ya Crowley. Nikatyuni kwa tyuna ya umeme, kila uzi taa ya kijani. Tukaanza walzi. Kila wimbo ulipopita kwenye noti ya tatu ya skeli, sauti zetu zilikwaruzana kama vigae viwili. Nikadhani slaidi yangu imeteleza. Nikasogeza, ikazidi. Mzee akaacha kupiga, akaniangalia, akasema, "Sha," yaani mpendwa, "zima hicho kitaa."

Akanifanya nitulize slaidi, akabonyeza noti moja ndefu, nami nikawa nauzungusha ufunguo wa uzi wa 2 kushuka chini taratibu. Mtetemo uliokuwa ukipiga *wa-wa-wa-wa* ukapungua, ukawa *waa, waa*, kisha ukanyamaza. Sauti mbili zikawa moja. Nilipowasha tyuna tena, ilinionyesha niko chini kwa senti 14 hivi.

Jambo lenyewe ni hili. Nusu toni moja imegawanywa senti 100. Kinanda na gitaa la kawaida huweka noti ya tatu kwenye senti 400 kutoka mzizi, yaani noti ya kwanza, kwa sababu ya kugawa oktavu sawa kwa sawa. Noti ya tatu safi ya kimaumbile iko kwenye senti 386. Mafundi wengi wa kodiani za Cajun huishusha noti hiyo kuelekea pale, ndiyo maana chombo hiki kidogo kinasikika kitamu na kikali kwa wakati mmoja. Mpiga gitaa wa kawaida hana la kufanya, freti zimeshapigiliwa. Mtu wa slaidi amebarikiwa: akishusha uzi wa 2 kwa senti 14, umbali ule unabaki uleule popote atakapoweka kioo, freti ya 5, ya 7, hata ya 12.

Kwa hiyo tyuni nyuzi tano kwa tyuna, na uzi wa 2 kwa sikio. Ukiwa na kinanda kwenye wimbo huohuo, kitagombana nawe. Nilijaribu maridhiano ya senti 7, hayakumfurahisha mtu. Wimbo wenye kinanda nautyuni kwa taa ya kijani, wenye kodiani nautyuni kwa mzee.

Kodiani yenyewe ina vitufe 10 upande wa wimbo na kwa kawaida ni ya C. Kila kitufe kina noti mbili, moja ya kusukuma na moja ya kuvuta. Usiweke kapo, kile kibano cha shingoni, ukitaka kupiga C. Acha freti ya 5 iwe nyumbani kwako, na nyuzi za wazi ziwe kodi ya tano, G. Hapo utaweza kuachia nyuzi zilie zenyewe kila wimbo unapoomba G, na mkono wa kushoto unapata nafasi ya kupumua. Nao wapiga fidla wengi hushusha fidla zao toni nzima ili wakutane na kodiani hiyo ya C, kwa hiyo usishtuke ukimwona mwenzako vidole vyake viko kwenye D ilhali sauti ni C.

Kuifanya slaidi iongee kama kodiani

Utamu wa kodiani uko kwenye oktavu. Noti moja unayoisikia ni ndimi kadhaa zinazolia pamoja, juu na chini. Kwenye G ya wazi una oktavu za bure: uzi wa 1 na wa 4 zote ni D, uzi wa 3 na wa 5 zote ni G. Piga uzi wa 4 kwa dole gumba na wa 1 kwa kidole cha kati, wakati mmoja, slaidi ikiwa imenyooka kabisa. Pitisha wimbo wote hivyo. Mara ya kwanza nilipoipata, mbwa wa jirani aliinua kichwa.

Kitu cha pili ni pumzi. Kodiani inapogeuza kutoka kusukuma kwenda kuvuta, kuna kamwanya kadogo sana. Slaidi haina mwanya, inapenda kuburuta. Hapa mkono wa kulia ndio unaokata: baada ya kila noti fupi rudisha kidole kilekile juu ya uzi kuuzima. Tu-stepu, dansi ya hapa yenye kasi, bila kuzima inageuka uji. Mkono wa kushoto nao una kazi, vidole vilivyo nyuma ya slaidi vilale juu ya nyuzi kwa wepesi kuzuia mlio wa upande wa nyuma. Zoezi langu la miezi miwili lilikuwa noti nne tu, freti ya 5 na ya 7, huku nikihesabu kimya kuliko sauti.

Buruta pale tu ambapo mwimbaji angelia. Kwenye walzi hiyo ni mara mbili au tatu kwa ubeti, kwa kawaida ukiingia kwenye neno la mwisho wa mstari. Panda kutoka freti ya 3 hadi ya 5, ifikie noti kwa kuchelewa, kisha itikise. Mtikiso uende pande zote mbili za freti kwa usawa, mpana na wa polepole. Ukitikisa kwa woga wa haraka haraka inasikika kama mbu.

Sasa sababu ya kidole cha mwisho. Slaidi ikiwa kwenye freti ya 12, una G kubwa. Ukiubonyeza uzi wa 2 nyuma yake, kwenye freti ya 11, uzi huo unashuka chini ya kioo, haukigusi tena, na B inakuwa B-flati. Kodi imegeuka G ndogo bila slaidi kusogea hata nywele. Hii ndiyo njia ambayo Landreth ameikuza hadi ikawa sahihi yake. Inahitaji nyuzi zilizoinuliwa, na inahitaji uvumilivu, kwa sababu wiki za kwanza utasikia kioo kikigonga freti tu. Kwenye albamu yangu nimeitumia mara tano. Ningeweza kuitumia mara hamsini, na hapo ungesikia vidole badala ya wimbo.

Miguu kwanza, kipimo baadaye

Hili ndilo nililolikosa kabisa kwenye albamu ya kwanza. Muziki huu ni wa dansi, hata ule wa majonzi. Kuna walzi na kuna tu-stepu, na watu wazima wa miaka 80 wanazunguka ukumbini bila kugusana viwiko. Nenda ukacheze. Jumamosi asubuhi kuna watu kwenye baa ya Fred's Lounge, mjini Mamou, na watu wengine wamekaa kwa duara la vyombo kwenye duka la Savoy Music Center, mjini Eunice. Mimi nilikwenda miezi minne bila gitaa. Nilikanyaga vidole vya mama mmoja mwenye subira, naye akanifundisha kwa kunivuta bega kwamba mpigo wa kwanza wa walzi unashuka chini na miwili inayofuata inapaa.

Peleka kitu hicho kwenye dole gumba. Mpigo wa kwanza uzi wa 5, wa pili na wa tatu kwa kidole cha shahada kikikwaruza nyuzi za juu kwa wepesi. Kwenye tu-stepu dole gumba linapishana uzi wa 5 na wa 4, wala haliongezi kasi. Ukiweza kuendesha hivyo huku slaidi ikiimba juu, umemaliza nusu ya kazi.

Studioni usitumie metronomu, ile mashine ya kuhesabia mpigo. Tafuta mtu wa pembetatu ya chuma. Zamani zilitengenezwa kwa meno ya reki ya kukusanyia nyasi kavu, na mlio wake unapenya hata kwenye ukumbi uliojaa. Mtu wa pembetatu anasukuma na kulegeza kama mchezaji anavyofanya. Kwa wimbo wa zaideko, mlete mtu wa bati la kufulia, lile la kuvaa kifuani ambalo Cleveland Chenier, kaka yake Clifton, alilipiga kwa vifungulia chupa.

Halafu kuna nyimbo zilizopinda. Nyingi za zamani zina mpigo wa ziada mwisho wa mstari, au umepungua mmoja, kwa sababu mwimbaji alihitaji kuvuta pumzi. Usizinyooshe. Mtayarishaji wa albamu yangu ya kwanza alinyoosha mbili ili ziingie kwenye gridi ya kompyuta, nami nikakubali. Ukizisikiliza leo utadhani mtu amepiga pasi mkunjo wa usoni. Ukitaka kuukariri wimbo uliopinda, usihesabu. Jifunze maneno ya Kifaransa cha hapa hata kama hutayaimba, na piga pale silabi ilipo.

Siku za kurekodi

Kaeni chumba kimoja. Tulirekodi watu wanne, siku tatu, nyimbo 13, na tukabakiza 10. Maikrofoni ya gitaa niliiweka kama sentimita 25 kutoka pale shingo inapokutana na tumbo, ikielekea freti ya 12 badala ya tundu. Kodiani ina sauti kubwa, itaingia kwenye maiki yako utake usitake. Igeuzie ubavu na ukubali. Maana yake huwezi kurekebisha kosa lako peke yake, na hiyo ni faida: tulirudia wimbo mzima au tuliacha kosa.

Unyevu wa Louisiana ni adui wa tyuni. Katikati ya siku, kiyoyozi kikizimwa ili kisisikike, gitaa linapanda na kushuka kila dakika 20. Tyuni kabla ya kila jaribio, na msikilize mzee, siyo taa.

Mlio wa kioo kukwaruza nyuzi nene usiufute. Mwangwi wa kutengenezwa, kidogo sana. Amplifaya niliitumia kwenye bluzi tatu tu za mtindo wa Crowley, ikiwa ndogo na imefunguliwa karibu yote.

Ukipiga nyimbo za watu wengine, kumbuka wimbo na rekodi ni mali mbili tofauti. Kwa Marekani, wimbo uliokwisha kutolewa unaweza kuurekodi upya kwa leseni ya kisheria. Kiwango cha mwaka 2024 kilikuwa senti 12.4 za dola kwa kila nakala, kwa wimbo usiozidi dakika 5. Nakala 500 ni dola 62 kwa wimbo mmoja. Lipa. Lakini kukata kipande cha rekodi ya zamani na kukibandika kwenye yako ni jambo jingine, na rekodi za mwaka 1928 bado zinalindwa na sheria. Na kwenye jalada andika ulimsikia nani akiupiga wimbo huo.

Kupanga nyimbo

Ukitaka sahani ya santuri, kila upande usizidi dakika 20 hivi, la sivyo sauti inapungua nguvu. Mimi nilipata dakika 19 na 18. Usipange kwa kupokezana bluzi, walzi, bluzi, walzi, kama mtu anayegawa karata. Nilianza na tu-stepu mbili, nikaweka bluzi moja ndefu, kisha walzi tatu mfululizo, jambo ambalo kila mtu studioni alilipinga.

Kabla ya kupeleka kiwandani nilichukua nyimbo zote 11 zilizokuwa zimebaki wakati huo, nikaenda kwa yule mzee wa jikoni. Nilifungua milango ya gari, nikaipiga kwa spika za gari mbele ya baraza lake. Sikuuliza kitu, niliangalia viatu vyake. Tu-stepu ya kwanza kisigino kilianza kabla ya kodiani kuingia. Walzi ya pili alisimama, akamshika mkewe mkono, wakazunguka mara mbili kwenye mbao za baraza. Wimbo wa saba, ule niliojisifia kwa kubonyeza nyuma ya slaidi kila mahali, aliingia ndani kuchemsha kahawa.

Zikabaki 10.